Ritifaa ya Ng'wandu

Kila Jumamosi Sayi Ng'wandu alipeleka maziwa mjini Sumbawanga kwa baiskeli, kutoka kwao Mollo. Jumamosi moja ya mwaka 2004 alipitia kwenye chumba cha intaneti cha Lwitiko kuomba ufadhili wa sekondari. Shirika lililotoa ufadhili lilipokea maombi kwa barua pepe tu, na bila ufadhili huo Sayi angebaki nyumbani.

Lwitiko alikuwa amesoma kompyuta Mbeya kwa wiki sita, akarudi akitembea kama aliyezigundua yeye. Aliandika anwani ya barua pepe yenye jina la Ng'wandu, mashine ikaikataa. Ilikuwa haitaki ritifaa, kile kialama kinachokaa kati ya ng na w.

"Jina gani hili lina mdudu juu?" Lwitiko aliuliza kwa dharau. "Majina ya porini hayaingii mtandaoni, dogo. Tuweke Sara Wandu, la kisasa."

Sayi aliona aibu, akakubali. Jina hilo la bandia likaandikwa kwenye anwani na kwenye fomu ya maombi pia.

Wiki tatu baadaye jibu lilikuja. Sara Wandu hayumo kwenye orodha ya waliofaulu darasa la saba. Asipojieleza kufikia Ijumaa, nafasi atapewa mwingine. Sayi alimwendea Mwalimu Stefania, aliyemfundisha darasa la saba, akamweleza yote. Mwalimu hakumbembeleza. Walikwenda wote wawili kwa Lwitiko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu andika ng'ombe hapo kwenye anwani."

Lwitiko aliandika. Mashine ikakataa.

"Kumbe mashine hata ng'ombe haimjui. Naye tumwite Sara?"

Wateja walicheka. Mtaalamu wa wiki sita akainamia kibodi yake.

Mwalimu akamwamuru aandike anwani mpya, ngwandu bila ritifaa, maana mashine haikuelewa zaidi ya hapo. Fomu ikabeba jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na Sayi mwenyewe akaandika barua ya kukiri kosa. Alhamisi shirika lilijibu kwamba nafasi ni yake.

"Nilidhani jina langu ndilo bovu," Sayi alisema.

"Mbovu ni mashine. Waliitengeneza watu wasiojua kama upo, na ipo siku watairekebisha," Mwalimu Stefania alijibu. "Lakini uongo ulikuwa wako. Mtu akikudharau, mwachie ujinga wake. Ukijikana mwenyewe, umemsaidia kazi."