Muhuri wa Bibi Tafoya

Kila asubuhi Nieves Archuleta alipita kando ya mfereji kwenda shuleni, pamoja na rafiki yake Luci Tafoya. Majani yalikuwa yameanza kupukutika mjini Socorro. Hewa ilinukia pilipili za kuchomwa, na ukungu mwembamba ulitanda juu ya maji mpaka vilima vya ng'ambo vikaonekana kama vinaelea. Ilikuwa njia ya kuota ndoto macho wazi, na Nieves aliota sana.

"Baba anamalizia kazi Texas," alisema. "Akija, ataninunulia farasi wa kijivu."

"Juzi ulisema wa kahawia," Luci akamkumbusha.

"Basi wawili."

Luci alicheka, lakini aliamini. Nieves mwenyewe, akitazama ukungu, karibu aamini pia.

Ukweli ulikuwa mwingine. Baba na mama walikuwa wameamua kuachana bila ugomvi. Baba alibaki Amarillo, Texas, naye mama akarudi New Mexico alikozaliwa. Sheria ya jimbo hilo ilimtaka akae miezi sita kabla ya kuomba talaka, na sasa ilikuwa imetimia. Kwa kuwa walikubaliana kila kitu, hata likizo za Nieves, hawakumhitaji wakili. Mama alijaza fomu mwenyewe kwenye meza ya jikoni, jioni baada ya jioni. Baba alikuwa ameshatia sahihi yake.

"Imebaki yangu tu," mama alisema. "Sharti niitie mbele ya mtu mwenye muhuri wa serikali. Bibi Tafoya wa duka la chakula cha mifugo anao. Kesho ukitoka shule mpitie, umuulize kama Alhamisi atakuwepo. Ndiyo siku pekee ninayotoka kazini mapema."

Bibi Tafoya alikuwa nyanya yake Luci.

Kesho yake alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka. Kupitia kioo alimwona bibi akipima mahindi na kutaniana na mteja. Akiingia, Luci angejua jioni hiyo hiyo, na darasa zima lingejua asubuhi. Alitazama kwa muda, kama anayetazama samaki ndani ya maji, kisha akaenda zake.

"Bibi Tafoya amesafiri," alimwambia mama. "Yuko Albuquerque kwa mwanawe."

Maneno yalitoka kwa urahisi, kama yale ya farasi.

Basi Alhamisi mama aliendesha gari mpaka mji wa Belen, alikosikia kuna mwingine mwenye muhuri. Gari lake kuukuu lilichemsha maji njiani, na alipofika, ofisi ilikuwa imefungwa. Alirudi jua likizama, akaketi kitini bila kuvua koti.

"Nimechoka kukaa katikati, Nieves," alisema taratibu. "Si mke, si mtu huru."

Nieves aliziangalia zile fomu juu ya meza.

"Mama, Bibi Tafoya hakusafiri. Sikumuuliza."

"Kwa nini? Ulikuwa unamficha nani jambo hili?" mama aliuliza.

"Luci. Nimemwambia baba anakuja kukaa nasi."

"Unatamani aje?"

"Ndiyo."

Mama alimvutia kwake. "Najua. Lakini haji, mwanangu. Anakupenda, na haji. Ila usinidanganye tena. Leo ningeweza kulala barabarani."

Jumamosi mama aliomba ruhusa kazini, wakaenda dukani pamoja, naye akamweleza Bibi Tafoya kwa nini alihangaika mpaka Belen. Bibi Tafoya alikitazama kitambulisho cha mama, akamtazama usoni, akamwacha atie sahihi, kisha akagonga muhuri. Pembeni Luci alikuwa akijaza mifuko ya mahindi. Aliacha kujaza.

"Baba haji, Luci," Nieves alisema. "Wazazi wangu wanaachana. Na farasi niliwatunga."

Luci alikunja uso. "Na mimi nimeshamwambia mama apike tamale za Krismasi za kumtosha na baba yako."

"Samahani."

"Ungeniambia tu." Luci akarudia mahindi yake, akiwa bado amenuna. Baada ya muda akasema, "Basi shika mfuko huu, usinitazame tu."

Bibi Tafoya alikuwa amesikia yote. Alifuta wino vidoleni.

"Nieves, muhuri huu hausemi talaka ni nzuri au mbaya. Unasema tu kwamba mama yako alisimama hapa mwenyewe, akaandika jina lake. Kutamani baba arudi si kosa. Hata mimi wapo ninaowatamani. Kosa lako ni kumfanya mama yako ateseke barabarani kwa ajili ya ndoto yako. Jambo likikuuma, liseme lilivyo kwa mtu anayekupenda. Litaendelea kuuma, lakini hutalibeba peke yako."

Jumatatu mama alipeleka fomu mahakamani. Baada ya wiki kadhaa hukumu ya jaji ikaja kwa posta, na jioni hiyo baba alipiga simu, wakapanga likizo ya Nieves.

Asubuhi iliyofuata, kando ya mfereji, Luci aliuliza, "Hivi baba yako anafanya kazi gani hasa?"

"Anatengeneza friji."

"Friji tu?"

"Friji tu," alisema Nieves, na wakaendelea kutembea.