Dawa Gani?

Kila asubuhi, huko Machame, Mama Eunike hukata majani ya migomba. Humlisha ng'ombe wake, humkamua, ndipo huweka chai jikoni. Wakati huo mwanawe Anaeli ameshafungua kompyuta barazani.

Anaeli ni mwanasayansi. Alikuwa akichunguza magonjwa ya kahawa kwenye kituo cha utafiti. Akaacha kazi, akatengeneza programu ya simu. Mkulima anapiga picha ya buni, programu inamtajia ugonjwa. Majirani walimtania: "Daktari wa buni, wagonjwa hawajambo?" Hakujali. Wakulima wengi wa mlimani walijiunga.

Mwaka mmoja mvua zilizidi. Buni za Mama Eunike zikaanza kuwa nyeusi. Akapiga picha. Simu ikajibu: "Chulebuni. Piga dawa."

Alikwenda dukani, akaomba dawa ya kahawa. Akapewa chupa, akapiga. Jioni akakata tena majani ya migomba, akamlisha ng'ombe.

Kulipokucha ng'ombe alikuwa chini, anatetemeka, mate yanamtiririka. Kabla ya mchana akafa.

Hilda, bibi shamba wa kata, akafika.

"Shikamoo, mama. Pole sana." Aliokota chupa, akaisoma. "Hii ni dawa ya wadudu. Chulebuni ni ukungu. Dawa hii haiuponyi."

"Niliambiwa dawa," alisema Mama Eunike. "Na hiyo ni dawa."

"Ilidondokea majani ya migomba, mama. Malisho hukatwa kabla ya kupiga dawa, yakawekwa mbali. Nyama yake msiile, mzikeni. Na mboga za mnavu zilizo chini ya mibuni msizichume mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa."

Kule kituoni mibuni ilikuwa peke yake, mistari imenyooka. Anaeli alikuwa amesahau kihamba, shamba la nyumbani alimozaliwa, ambamo kahawa, migomba na mboga huota pamoja.

"Uliacha mshahara," mama yake alisema bila kumtazama. "Haya. Kompyuta iko barazani, banda ni tupu."

"Naifuta programu, mama. Naifuta yote."

"Ukiifuta, waliokwisha kusoma watajuaje?" Hilda aliuliza. "Ujumbe huo uko kwenye simu ngapi?"

Anaeli alituma onyo kwa wote. Kisha akaanza kuwapigia, mmoja baada ya mwingine. Leodegar wa Kibosho alikuwa ameshabeba bomba la dawa mgongoni. Akalitua. Wengine hawakupokea.

Hilda alimsaidia kuandika upya. Sasa programu haisemi "dawa" tu. Inasema dawa ya ukungu. Inasema soma maandishi ya chupa, vaa glovu, ziba pua, weka watoto mbali. Na kabla ya yote inauliza: "Shambani kwako kuna nini zaidi ya kahawa?"

Msimu uliofuata Leodegar alichuma buni nyekundu, na ng'ombe wake walikuwa wazima.

Mama Eunike naye alijibu swali lile la programu. Anaeli alilisoma jibu lake, akashindwa kuendelea na kazi siku hiyo.

"Migomba. Mnavu. Ng'ombe hakuna."