Gauni la Harusi Chini ya Tanzia

Kila jioni, akishaosha vyombo, Mwanya alichukua simu ya mama yake na kutafuta "magauni ya harusi" mtandaoni. Aliitwa Mwanya kwa sababu ya uwazi mzuri katikati ya meno yake ya mbele. Aliteremsha ukurasa kwa kidole, akateremsha tena, mpaka akaiona tovuti yao ya ushonaji, ambayo alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa msaada wa mwalimu wa kompyuta.

"Tuko wapi leo?" mama aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Chini kabisa, mama. Hata wakodisha viti wametupita."

Mama hakucheka. Tangu duka kubwa la nguo lifunguliwe mtaa wa pili, wateja walikuwa wamepotea. Pembeni ya cherehani, sanamu la kuvalishia nguo lilikuwa limevaa gauni lile lile, likila vumbi.

"Mambo yakiendelea hivi nafunga," alisema. "Nitakwenda mbali, nikafanye kazi kwenye nyumba za watu. Wewe utakaa kwa mama mkubwa."

Begi lilikuwa limeshateremshwa kutoka juu ya kabati. Mwanya aliliona, na usiku huo huo akaanza kuuliza mtandaoni jinsi ya kuipandisha tovuti yao.

Kwenye kundi moja la mtandaoni alikutana na mtu aliyejiita Mkali wa Viungo. Kiungo ni yale maandishi ambayo ukiyabofya yanakutoa tovuti moja na kukupeleka nyingine. Tovuti inayotajwa na wengi kwa viungo hupandishwa juu watu wanapotafuta.

"Dogo, nitakumwagia viungo kibao, bure kabisa," yule mtu aliandika. "Nipe nywila ya kuingilia tovuti yenu. Ila usimwambie mtu."

Mwanya akampa.

Haikupita wiki, tovuti ikapanda. "Mama! Tumewaacha wenye viti!" Mwanya alipiga kelele. Mama akatema pini, akamkumbatia. Simu ikaita wakiwa bado wameshikana.

"Wewe ndiye fundi wa magauni ya harusi?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Ni mimi, dada yangu. Karibu sana!"

"Nimemzika binti yangu. Tumeweka tanzia yake mtandaoni, na wewe umekuja kuandika chini ya picha yake, 'Bibi harusi, gauni lako liko hapa.' Wewe huna mtoto?"

Simu ikakatika. Mama alibaki nayo sikioni. "Mimi? Nimeandika lini?"

Mwanya alitafuta tovuti yao. Juu haikuwepo, wala chini. Ilikuwa imeondolewa. Alipoifungua moja kwa moja, picha za magauni zilikuwa zimefunikwa na matangazo ya kamari. Akamwandikia Mkali wa Viungo. Kimya.

Mama alianza kukunja nguo na kuzitia ndani ya begi. Mwanya alitaka kunyamaza. Lakini alipoona kanda ya kupimia nayo inaingia begini, alilia kwa sauti. "Ni mimi, mama! Nilimpa mtu nywila!"

Mama akaketi chini. Alikuwa amechoka hata kugomba. "Vaa viatu. Twende kwa mwalimu wako."

Mwalimu alibadilisha nywila kwanza, kisha akayafuta matangazo. "Huyo mtu amebandika viungo vyenu kwenye tovuti za watu bila kujali," alieleza. "Wenye mtambo wa kutafutia mtandaoni wakigundua udanganyifu huo, wanakutoa. Tutawaandikia wenye tovuti hizo waviondoe. Wasiojibu, tutawaomba wenye mtambo wasivihesabu viungo vyao. Na usinitazame hivyo, itachukua muda."

Mama alimpigia kwanza yule mfiwa. "Dada yangu, ni mtoto wangu, na kosa la mtoto wangu ni langu. Tusamehe."

"Futeni tu," mwanamke alisema. Mwalimu akawaandikia wenye tovuti ya tanzia, na kiungo hicho kikafutwa kabla ya vingine vyote.

"Sasa," mwalimu akamuuliza Mwanya, "nani anaijua kazi ya mama yako kweli?"

Mwanya alifikiri. "Mpiga picha wa harusi! Tovuti yake imejaa maharusi waliovaa magauni ya mama, ila hajataja nani kayashona."

"Basi mwombeni ataje."

Mpiga picha alicheka alipoombwa. "Mngesema zamani!" Akaweka kiungo chini ya kila picha.

Wiki zilipita. Begi lilikaa mlangoni limefungwa, na kila asubuhi Mwanya aliliruka akienda shule. Halafu msichana mmoja akabisha hodi, ameshika simu yenye picha. "Hili gauni nimeliona kwa mpiga picha. Ndipo hapa liliposhonwa?"

Mama alipapasa shingoni, akapapasa mezani. "Mwanya, fungua begi! Kanda ya kupimia imo humo."

Mteja alipoondoka, mama alimshika Mwanya mkono. "Mwanangu, sifa ya kazi iachie midomo ya walioiona. Nywila ya nyumba yetu usimpe mtu usiyemjua. Na atakayekwambia usimwambie mama, hapo hapo kimbia uje uniambie."

"Ndiyo, mama."

"Haya, nguo zangu zitoe. Hilo begi lirudishe juu ya kabati."