Dobi na Mwenzake Aliyetoweka

Mchana Dobi alifua nguo za watu. Jioni alisoma kwa simu. Alikuwa akijifunza kazi ya kupokea simu za wagonjwa hospitalini, na aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Sabuni ilikuwa imemchubua vidole, na daktari alikuwa amemwambia aache kufua.

Katika darasa hilo la mtandaoni, mwalimu aliwagawa wanafunzi wawili wawili. Kila jozi iliingia kwenye chumba chake cha mazoezi. Mmoja alijifanya mgonjwa, mwingine alipokea simu. Mwenzake Dobi alikuwa Kinyozi, mtu mcheshi lakini haaminiki kwa saa. Mara nyingi alitoweka kwenye chumba hicho salamu hazijaisha.

Dobi hakutaka kumchongea. Kwa hiyo aliigiza pande zote mbili. Aligumia kama mgonjwa kwa sauti nzito, kisha akajipa pole kwa sauti laini. Mwalimu akiuliza, alisema mazoezi yamekwenda vizuri. Mumewe, seremala, alikuwa akimsikia kutoka jikoni.

"Mama watoto," alisema, "huyo mgonjwa wako mbona anajua kila utakachomuuliza?"

Dobi alinuna, lakini maneno yalimwingia. Mtihani ulikuwa karibu. Huko mgonjwa angeigizwa na mtu asiyemjua, naye Dobi hakuwa amewahi kujibu swali ambalo hakulitunga mwenyewe. Hofu ikamshika.

Akaenda kwa jirani yao, muuguzi aliyezoea kufundisha huduma ya kwanza mtandaoni, akamsimulia yote. Jirani alicheka kwanza. Kisha akamuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu.

"Nitamharibia mwenzangu," alisema Dobi.

"Humharibii. Mwalimu haoni vyumba vyote kwa pamoja. Usiposema, atadhani mko wawili. Mwenzako akipotea, msubiri kidogo, pengine mtandao umekatika. Asiporudi, bonyeza kitufe cha kuomba msaada. Sema uko peke yako, uwekwe na wengine. Usitoke darasani. Na baadaye mjulie hali, huenda ana shida."

Jioni iliyofuata Kinyozi alipotea tena. Dobi alisubiri, kisha akabonyeza. Mwalimu alimtia kwenye jozi nyingine, akawa mtu wa tatu. Mgonjwa wake sasa aliigizwa na dereva wa lori mwenye domo. Alimkatiza, akamfokea, mara akajifanya analilia mtoto wake. Dobi alibabaika vibaya. Walirudia na kurudia mpaka akaweza kumtuliza.

Baada ya darasa alimpigia Kinyozi. Kumbe jioni ndiyo saa ya wateja wengi, naye aliona haya kusema. Dobi alimshauri amweleze mwalimu. Kinyozi akahamishiwa kundi la asubuhi, na huko hakutoweka tena.

Siku ya mtihani, mgonjwa wa Dobi hakusema neno. Zilisikika pumzi tu. Maswali yote aliyoyakariri hayakumfaa kitu. Dobi alitega sikio.

"Nasikia unavyopumua," alisema. "Nipo hapa. Sema ukiwa tayari."

Pumzi zikapungua kasi. Kisha sauti ikaanza kueleza, polepole, na Dobi akasikiliza mpaka mwisho.

Alifaulu, na wiki hiyo hiyo hospitali ilimwita kazini. Wateja wake wakaanza kutafuta dobi mwingine.