Pasi ya Mama Mkwe

Aliyenieleza jambo hili kwanza ni Persis, jirani yangu hapa Nyakoe. Alikuwa amewekewa kifaa cha ukutani kinachoonyesha stima inayotumika papo hapo. Akizima redio, namba inashuka. Akizima taa ya nje, inashuka tena. Hivyo tokeni ya umeme ya wiki moja ikaanza kudumu mbili, na vifaranga wake hawakukosa joto la balbu.

Lakini Ijumaa moja, jua likikaribia kutua, namba iliruka kutoka wati arobaini hadi elfu moja, kama mtu anapiga pasi. Alizima kila kitu isipokuwa balbu ya vifaranga. Haikushuka. Katika chumba cha marehemu mama mkwe wake, kitu kiliteleza juu ya kitambaa, kikatulia, kikateleza tena. Saa hiyo ndiyo mama huyo, alipokuwa hai, alikuwa akinyoosha nguo za Sabato ya kesho yake. Persis alifungua mlango. Palikuwa na giza tu, na pasi ya mama ndani ya gunia, waya wake umekatwa.

Ijumaa ya tatu tokeni iliisha, vifaranga wote wakafa kwa baridi. Ijumaa iliyofuata, aliniletea pasi hiyo.

“Mama Kwamboka, ichukue.”

“Si waya umekatwa?”

“Basi unaogopa nini? Na mtoto wako huenda kanisani na gauni lenye makunyanzi kama kabichi!”

Sijui kukataa. Jioni nililala kwa uchovu, nikaacha gauni la Kwamboka limelowa ndani ya beseni.

Asubuhi lilikuwa juu ya kiti, limenyooka, lina joto. Nililichukua. Kisha nikamvisha mtoto, tukaenda kanisani.