Neno Ambalo Odilia Hakulijua

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda vizuri juu ya milima ya Malolo, Odilia alikuwa ameshafika shambani na jembe lake begani. Kazi yake ilikuwa kufungulia maji ya mfereji yaingie kwenye majaruba ya vitunguu, jaruba moja baada ya jingine, huku mama yake, Generoza, akipalilia upande wa pili. Maji yalipokuwa yakitambaa taratibu kati ya mistari ya vitunguu, midomo ya Odilia nayo haikutulia.

"'Evaporate', kugeuka mvuke. 'Compare', kulinganisha. 'Conclude', kuhitimisha," alijisemea.

"Mwanangu," mama yake alimtania, "kwa jinsi unavyovisomea, hivi vitunguu vitafaulu kabla yako."

Ulikuwa mwaka 1965. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kila mkutano wa hadhara watu waliambiwa kwamba nchi inahitaji wauguzi, walimu na mabwana shamba wake yenyewe. Odilia alikuwa darasa la nane na alitaka kuwa muuguzi. Mwishoni mwa mwaka angefanya mtihani wa kuingia sekondari, na karatasi iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa ya Kiingereza. Karatasi hiyo haikuuliza salamu wala majina ya wanyama. Ilitumia maneno mazito ya vitabuni: eleza sababu, linganisha, thibitisha, toa maoni yako. Nafasi zilikuwa chache mno, na hakuna msichana wa kijiji chao aliyewahi kupata hata moja.

Mwalimu wao, Hezekia, alikuwa amehamia mwaka ule kutoka Msowero. Kila Jumatatu aliandika maneno mapya ubaoni, na kabla ya Ijumaa Odilia alikuwa ameyameza yote pamoja na maana zake. Ukimtajia neno, maana ilimtoka kama risasi. Wenzake walimpa jina la Kamusi, naye jina hilo lilimkaa vizuri. Alipokuwa akipita, alitembea kama mtu anayejua kwamba anatazamwa.

Mwezi wa Julai, Mwalimu Hezekia alitoa mtihani wa majaribio. Swali la kwanza liliwataka walinganishe jembe la mkono na plau. Odilia aliona neno 'compare', akatabasamu. Aliandika maana ya neno hilo bila kukosea hata herufi moja, kisha akaenda swali la pili. La pili liliwataka waeleze kwa nini watu huchemsha maji ya kunywa. Odilia aliandika maana ya neno 'explain'. Alimaliza kabla ya wenzake wote, akakunja mikono.

Siku ya kurudishiwa karatasi, Mwalimu Hezekia alimwita kando.

"Odilia, maneno yote unayajua, lakini hukujibu swali hata moja," alisema kwa upole. "Umeniambia kulinganisha ni nini. Mimi nilitaka ulinganishe."

Odilia alihisi masikio yanawaka moto. Hata Lea, rafiki yake aliyekuwa akikwama kwenye maneno mengi, alikuwa amempita mbali. Aliporudi nyumbani, baba yake, Urbanus, alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, Kamusi, mtihani umekwendaje?"

Odilia alitazama chini. "Nimefanya vizuri, baba. Nimeongoza."

Urbanus alicheka kwa furaha mpaka jirani akachungulia. Jioni hiyohiyo alikwenda kilabuni kuwatangazia wenzake kwamba binti yake sasa anakiongea Kiingereza kama maji. Odilia alisikia vicheko vyao kutoka mbali, akasukuma sahani ya chakula kando.

Baada ya wiki chache, wadudu wadogo walivamia vitunguu vya Malolo. Walinyonya majani mpaka yakawa meupe, na vitunguu vikaacha kukua. Mzee Melkizedek, mwenyekiti wa chama cha ushirika, alipeleka habari wilayani Kilosa. Wakulima wakaletewa makopo ya dawa na mtaalamu wa kuwafundisha kuitumia, mwanamke kijana kutoka Denimaki aliyeitwa Bi Ingrid. Alikuwa hajui Kiswahili isipokuwa "jambo" na "asante", na bwana shamba aliyetakiwa kumtafsiria alikuwa amelazwa kwa malaria.

Wakulima walikuwa wamekusanyika kando ya mfereji, kila mmoja na ndoo yake. Mzee Melkizedek alikuna kichwa. "Mwalimu Hezekia yuko wapi?"

"Ameitwa Kilosa kwenye mkutano wa walimu," mtu mmoja alijibu.

"Hakuna shida!" Urbanus alipaza sauti. "Binti yangu yupo! Odilia, njoo mbele."

Odilia alitamani ardhi ipasuke, lakini macho yote yalikuwa yamemwelekea. Akasogea mpaka karibu na Bi Ingrid.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Bi Ingrid aliongea Kiingereza polepole, na Odilia akawaambia wakulima kwamba wadudu hao hujificha katikati ya majani, kwamba dawa inyunyizwe asubuhi au jioni, na kwamba watoto wasiguse makopo. Watu walitikisa vichwa kwa mshangao. Urbanus alijipiga kifua.

Kisha Bi Ingrid aliinua kopo la dawa, akasema jambo kwa msisitizo. Odilia alielewa maneno yote isipokuwa moja: 'dilute'. Hakuwahi kuliona ubaoni.

"Amesemaje?" aliuliza baba yake, akiwa ameshaanza kufungua kopo.

Wazo lilimjia haraka. Angeweza kusema "korogeni". Neno hilo lilielekea kufaa, na hakuna ambaye angegundua. Lakini alitazama kopo mikononi mwa baba yake, akatazama majaruba yaliyopangana mpaka ukingoni mwa mto, chakula na karo na nguo za kijiji kizima. Kama angekosea?

"Sijui," alisema.

"Hujui nini?" aliuliza Mzee Melkizedek.

"Sijui neno alilosema. Naomba msimimine dawa kwanza." Akamgeukia Urbanus. "Baba, naomba unisamehe. Katika ule mtihani sikuongoza. Nilishindwa."

Urbanus aliweka kopo chini polepole, kama limekuwa zito ghafla. Odilia alifuta machozi kwa kiganja, akamgeukia yule mgeni. Kwa Kiingereza cha kuokoteza alimwambia kwamba neno lile halijui, na akamwomba aoneshe kwa mikono.

Bi Ingrid hakumcheka. Alimjibu kwa maneno mepesi kwamba hata yeye Kiingereza si lugha ya nyumbani kwao. Alikisomea darasani kama Odilia. Kisha akaomba ndoo ya maji. Alipima dawa kidogo kwa kifuniko cha kopo, akaimimina ndani ya ndoo iliyojaa, akakoroga, na ukali wa harufu ukapungua. Halafu akaelekeza kidole kwenye dawa iliyobaki ndani ya kopo, akalishika jani la kitunguu na kuonesha kwa vidole jinsi linavyosinyaa na kufa.

Uso wa Odilia ulichanua. "Kuzimua!" alipiga kelele. "Anasema dawa izimuliwe! Kifuniko kimoja kwa ndoo nzima ya maji. Mkiitumia hivihivi, itaunguza vitunguu vyote!"

Wakulima waliguna kwa pamoja. Wengine walishika vichwa. Mzee Melkizedek alimwekea Odilia mkono begani. "Umetuokoa, mjukuu wangu. Haya, muulize yote usiyoyaelewa. Tuna siku nzima."

Akauliza kweli. Kila neno gumu alilisimamisha, akaomba kuoneshwa, akalirudia kwa Kiswahili mpaka Bi Ingrid aliporidhika. Jua lilipoanza kushuka, shamba la mfano lilikuwa limeshanyunyizwa, na hakuna jani lililoungua.

Njiani kurudi nyumbani Urbanus alitangulia mbele. Walipokaribia mlangoni alisimama.

"Ulinidanganya, Odilia, na umeniaibisha mbele za watu. Hilo limeniuma," alisema. "Lakini ungenyamaza leo, ningeliteketeza shamba langu kwa mikono yangu mwenyewe. Kuanzia sasa niletee ukweli, hata ukiwa mchungu. Tutautafuna pamoja."

"Ndiyo, baba."

Mwalimu Hezekia aliporudi, Odilia alimweleza yote. "Mwalimu, maneno ninayajua kama nyimbo," alisema. "Nifundishe kuyafanyia kazi."

Tangu siku hiyo akasoma kwa namna nyingine. Neno halikuhesabiwa kuwa lake mpaka ameliona kwa macho au amelitungia sentensi ya mambo ya kwao. Yeye na Lea walilinganisha majaruba mawili, lililopata dawa na lisilopata, wakaandika tofauti zake kwa Kiingereza. Walitabiri ni lini maji ya mfereji yangepungua, wakaeleza chanzo na matokeo yake. Mama yake Odilia, Generoza, naye alinasa neno 'absorb', yaani kunyonya. Kila akimwagia maji udongo mkavu alilitamka kwa mbwembwe, mpaka majirani wakadhani anapiga chafya.

Haikuwa rahisi. Maneno madogo ya kuunganisha, kama 'although', ingawa, na 'unless', isipokuwa kama, yalimsumbua kuliko yale marefu. Aliyatumia vibaya, Mwalimu akayakata kwa wino mwekundu, Odilia akayaandika upya, yakakatwa tena. Darasani alinyoosha mkono kuuliza mpaka wenzake wakaacha kumwita Kamusi wakaanza kumwita Maswali. Hakujali. Lea, aliyekuwa akiona haya kuuliza, naye alianza kunyoosha wa kwake.

Mwezi wa Novemba, wanafunzi wa Malolo walipanda lori kwenda Kilosa kufanya mtihani. Pale Mikumi lori lilisimama kungoja kundi la tembo livuke barabara, na Filipo, mcheshi wa darasa, akapiga kelele kwamba tembo nao wanawahi chumba cha mtihani. Wote walicheka, na hofu ikapungua kidogo.

Katika karatasi ya Kiingereza kulikuwa na picha mbili za mji mmoja, kabla ya mafuriko na baada yake. Walitakiwa kulinganisha hali hizo mbili, kueleza chanzo cha uharibifu na kutoa maoni juu ya hatua za kuchukua. Odilia alivuta pumzi ndefu. Aliandika juu ya miti iliyokatwa kwenye kingo za mto, juu ya mifereji iliyoziba, juu ya watu wanaopaswa kupanda miti upya. Alikuwa hakumbuki tena kutafsiri neno kwa neno. Alikuwa anaeleza jambo analolijua. Kengele ilipolia, alikuwa ndiyo kwanza anaweka nukta ya mwisho.

Matokeo yalifika siku chache kabla ya Krismasi. Mwalimu Hezekia aliwakusanya wanafunzi na wazazi mbele ya shule, akasoma majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari.

"Odilia Urbanus!" Kabla vigelegele havijatulia, akasoma tena. "Na Lea Kasian!"

Akina mama walipasua anga. Generoza alivua kanga ya begani akawafunika wasichana wote wawili, na Urbanus akamrusha mwanawe juu kama mtoto mdogo, akimdaka na kumrusha tena, huku Odilia akicheka na kulia kwa pamoja. Ndio waliokuwa wasichana wa kwanza wa kijiji kile kwenda sekondari.

Mwalimu Hezekia aliinua mkono, watu wakanyamaza.

"Wengi mmeniuliza watoto hawa wametumia ujanja gani," alisema. "Sikilizeni, hasa ninyi wa darasa la saba. Mtu anayejifanya anajua, anamfungia mwalimu wake mlango. Odilia aliufungua siku aliposema 'sijui' mbele ya kijiji kizima, ingawa ilimgharimu aibu. Na alipokwisha kusema hivyo hakukaa akingoja huruma. Aliuliza, akakosea, akarekebisha, akafanya kazi kila siku mpaka akajua kweli. Semeni ukweli juu ya mnachokijua na msichokijua, kisha mjitume. Hakuna darasa litakalowashinda."

"Tumesikia, Mwalimu!" watoto waliitikia kwa sauti moja.

Mtoto mmoja wa darasa la saba, aliyekaa mbele kabisa, alinyoosha mkono kwa woga. "Mwalimu, mimi sijui hilo neno 'kujituma'."

Watu walicheka, lakini Odilia hakucheka. Alimwendea yule mtoto, akamshika mkono.

"Umeuliza vizuri," alimwambia. "Njoo shambani kwetu kesho asubuhi, nitakuonesha."