Chupa za Maji ya Bomba

Walikutana asubuhi kwenye lifti iliyojaa watu. Kijana wa maabara, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, alibeba kichupa kilicholegea kifuniko. Matone yakamwangukia msichana mwosha vyombo vya maabara kwenye aproni. Lifti nzima ikanuka yai viza.

"Sasa wote wanadhani ni mimi," msichana alinong'ona, macho chini.

"Tushuke wote, watadhani ni mimi," kijana akacheka.

Tangu siku hiyo akamwita Yai, na msichana akalipenda jina hilo. Wakati wa chai kijana alimweleza kazi yake. Nyuzi za DNA kwa kawaida husokotana mbili mbili. Uzi wake yeye ulijikunja ukawa fundo. Alikuwa ameubandikia kemikali kidogo, aone kama fundo litavumilia joto zaidi.

"Likivumilia?"

"Nitajulikana, Yai wangu. Halafu nakuoa."

Fundo likavumilia. Maabara nzima ikapiga makofi, isipokuwa msichana. Wiki ile maji yaliyochujwa chumvi yalikuwa yamekwisha, naye alisuuza chupa za uzi wenye kemikali kwa maji ya bomba, yenye chumvi. Kijana mwenyewe ndiye aliyewahi kumwambia kwamba chumvi hukaza fundo lile. Akampigia kijana simu.

"Mpenzi, si kemikali yako. Ni chumvi. Nimekosea mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu juzi. Nyamaza tu, mpenzi. Nakuja na zawadi yako."

Kijana alimkuta kwenye karo la kuoshea vyombo, katikati ya glavu kuukuu na utelezi wa kijivu ulioziba tundu. Suti mpya. Marashi mengi. Marashi yale yalimpanda msichana kooni kuliko yai viza la siku ya kwanza. Kijana akamvisha pete kwenye kidole chenye povu.

"Kesho kazi yangu inachapishwa. Tutaoana, mama."

"Pete hii ni ya kidole au ya mdomo?"

"Yai! Utafukuzwa wewe kwanza!"

"Usiniite hivyo."

Pete ilitoka yenyewe kwa sabuni. Akaisuuza mara tatu kwa maji yaliyochujwa, kama alivyofundishwa, akamwekea kiganjani. Kisha yeye, ambaye hata kusalimia wageni kulimtoa jasho, akavua aproni na kwenda kwa mkuu wa maabara kutaja kosa lake.

Alipanda kwa ngazi. Lifti hakutaka hata kuiona.